Majina Mawili Katika Jalada la Pili

Uru, Jumapili baada ya misa

Mwanangu Dismasi,

Mama yako amekufunga mzigo mara tatu na kuufungua mara tatu, kwa hiyo mambo ya mashati, ya dawa ya homa na ya kujihadhari na watu wa mjini namwachia yeye. Mimi nina jambo moja tu, na ni refu.

Nimekaa nyuma ya nyumba kwenye migomba, wewe umeshuka Moshi kukata tiketi ya kesho. Ningeweza kukusubiri nikwambie kwa mdomo. Lakini najijua. Ukinitazama usoni nitapunguza hapa, nitapamba pale, na mwisho utaondoka na baba mzuri kuliko huyu uliye naye. Karatasi hainitazami.

Unakwenda kuwa karani katika ofisi ya serikali inayoandikisha makampuni. Padri amefurahi, majirani wamefurahi, mama yako amewatangazia hata wasiomjua. Mimi nilipopata habari nilicheka peke yangu shambani, na kicheko kile hakikuwa kizuri. Ofisi hiyo naijua. Nimewahi kusimama mbele ya dirisha lake, vumbi la safari likiwa bado shingoni, nikaomba jalada. Nilichosoma mle ndani kilimwangusha Mzee Petro, kikamfukuza Baba yako Mkubwa kutoka kihamba, shamba la ukoo aliloacha babu yetu, na kikaniacha mimi jinsi nilivyo. Watu wamekusimulia nusu. Chukua nzima.

Petro unamjua kama mzee mwenye fimbo anayekaa benchi la nyuma kanisani. Zamani alikaa la mbele. Mimi na yeye tulibatizwa siku moja, na chama chetu cha kahawa kilipoanzishwa yeye akawa mwenyekiti. Kamati ilikuwa ya watu watano: Petro, kisha kaka yangu Anselmi aliyekuwa mtunza hazina, kisha mimi niliyekuwa katibu kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka, na wazee wawili wasiojua kusoma, ambao waliinua mkono kila Petro alipoinua wake.

Kazi yetu ilikuwa rahisi kueleza. Mkulima analeta kahawa yake iliyokwisha kukauka, chama kinaipima, kinaihifadhi, kisha inapelekwa kukobolewa na kuuzwa. Tatizo ni kwamba hatukuwa na ghala wala lori. Ndipo ilipotokea Kampuni. Nitaiita hivyo tu, jina lake halistahili wino. Kampuni ilikuwa na ghala kule chini karibu na reli, na malori mawili. Petro akasema tufanye nayo mkataba. Sote tukainua mikono.

Baada ya wiki chache alinikuta kwenye mfongo, mfereji wa shamba, nikizibua maji.

"Aloisi," akasema, "Kampuni inataka mtu wa hapa kwenye bodi yake. Mtu anayeaminika. Nimewatajia jina lako."

"Bodi ndiyo nini?"

"Ni meza. Mnakaa, mnaamua. Unaitwa mkurugenzi."

"Na wewe?"

"Mimi nimo tayari. Tutakuwa wawili."

"Na wenye Kampuni ni akina nani?"

"Mabwana wa Tanga. Wana shughuli nyingi, hawana haja ya kupanda huku."

Sikuuliza tena. Ningeweza kukwambia kwamba sikujua, kwamba mambo ya hisa yalikuwa mageni kwetu. Ni uongo. Sikuuliza kwa sababu nilitaka kuitwa mkurugenzi. Nilinunua kofia. Kwenye ofisi ya Kampuni mjini kulikuwa na kiti kinachozunguka, nami nilipokikalia mara ya kwanza nilijizungusha, mtu mzima mwenye mke, nikatazama dirishani nikaona mlima, kisha ukuta, kisha mlima tena. Kwa kiti kile niliuza macho yangu.

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyokwenda, maana ndiyo kazi utakayoifanya. Asubuhi nilikaa Uru kama chama, nikaandika: "Chama kimeuliza kama ghala ni zuri." Mchana nilikaa Moshi kama Kampuni, nikaandika: "Kampuni imejibu kwamba ghala ni zuri." Muulizaji mimi, mjibuji mimi. Mzungu wa serikali anayesimamia vyama alipokuja kukagua, aliweka mihtasari ya pande mbili mezani, akaona inakubaliana neno kwa neno kama mapacha. Akatusifu. Akasema hajaona chama kilicho wazi kama chetu. Petro akanitazama akatabasamu, nami nikatabasamu. Mwandiko ulikuwa mmoja, Dismasi. Ulikuwa wangu. Haikumpitia akilini kwamba karatasi zinazokubaliana sana ndizo za kutiliwa shaka.

Miaka michache baadaye, mvua za masika zilipoanza, nilikwenda ghalani. Bati lilikuwa limeoza upande wa nyuma, maji yanatiririka ukutani na kuingia chini ya magunia. Nikamwambia Petro tuwaambie wakulima waondoe kahawa yao.

"Umeliona ukiwa nani?" akaniuliza.

"Nimeliona kwa macho yangu."

"Nauliza umeliona ukiwa nani. Ulikwenda pale kama mkurugenzi wa Kampuni. Jambo la Kampuni linabaki Kampuni. Huwezi kulibeba mpaka kwenye chama, ni kuvunja siri ya kazi. Kampuni itatengeneza bati."

Wakulima sikuwaambia. Kichwa kimoja, Dismasi, nacho nilikigawa vyumba viwili nikafunga mlango katikati. Katibu wa chama hakujua alichokijua mkurugenzi wa Kampuni, na wote wawili walikuwa wanakula ndizi kwenye sahani moja, wanalala na mke mmoja. Bati halikutengenezwa.

Kahawa ya kijiji kizima iliota ukungu. Ilipofika kwenye kiwanda cha kukobolea ilikataliwa ikarudishwa na malori yale yale. Ukizaliwa katika nyumba ya kahawa hujui kwamba kahawa inaweza kunuka. Inanuka kama nguo ya maiti. Watu wakakusanyika kwenye uwanja wa chama, wakaanza kuuliza. Nani anayelipa hasara? Kampuni ni ya nani? Mabwana wa Tanga wako wapi?

Petro akasimama. Hakupandisha sauti hata kidogo. Alikuwa ameshika karatasi mbili.

"Ndugu zangu, hii ni karatasi ya Kampuni inayosema ghala ni zima. Imetiwa saini na mkurugenzi, Aloisi. Na hii ni karatasi ya chama inayosema ghala limekaguliwa na limekubaliwa. Imetiwa saini na katibu, Aloisi. Mimi mwenyekiti wenu nilimwamini. Kama kuamini ni kosa, nisameheni."

Ndipo nilipogundua kwamba katika miaka yote ile Petro hakuwahi kutia saini karatasi yoyote. Kalamu ilikuwa yangu siku zote. Ndiyo sababu walimtafuta mtu mwenye mwandiko mzuri.

Nilitazama upande wa kaka yangu Anselmi. Alikuwa anatazama viatu vyake. Nilidhani ni haya kwa ajili yangu.

Kulikuwa na mjane mmoja, Mama Restituta, aliyekuwa na mibuni michache nyuma ya nyumba yake, na kila mbegu aliichuma mwenyewe. Alipita katikati ya watu, akasimama mbele yangu, akafungua kanga yake akanimwagia kahawa ile mapajani. Ilikuwa na majimaji, imeota ukungu wa kijani na mweupe.

"Kunywa," akasema.

Watu hawakucheka. Wangecheka ingekuwa afadhali.

Mama yako alirudi na ndizi zake kutoka sokoni wiki nzima. Hakuna aliyemtukana, walipita tu kando yake kama mtu anavyopita kando ya kisiki. Mimi nilivuliwa ukatibu, na Kampuni nayo ikanivua ukurugenzi, kwa barua niliyoletewa na Petro mwenyewe. Aliniletea na chupa ya mbege, pombe yetu ya ndizi, akasema, "Tulia, Aloisi. Watu husahau." Nilikunywa mbege ile. Mpaka leo naisikia kooni.

Aliyenifungua macho ni dereva wa lori moja la Kampuni, Bwana Salimu wa mjini, mtu wa swala tano na maneno machache. Alinikuta barabarani nikipanda kwa miguu, akasimamisha lori.

"Katibu, panda."

"Mimi si katibu tena."

"Panda hivyo hivyo." Tukaenda, kisha akasema, "Nimewabebea mizigo miaka yote hii. Mzigo naujua, mwenye mzigo simjui. Lakini hao mabwana wa Tanga, mimi Tanga nimezaliwa, na sijawahi kutumwa kwao hata barua. Nina binamu yangu ni tarishi kwenye ofisi za serikali Dar es Salaam. Anasema kila kampuni ina jalada, na mtu yeyote akilipa ada ndogo anasoma. Hata wewe."

Hata mimi. Nilikuwa mkurugenzi wa Kampuni na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ningeweza kusoma jalada lake.

Nilisafiri. Mama yako nilimwambia nakwenda kutafuta kazi. Karani wa dirishani alinitazama kofia, akanitazama viatu, akaniletea. Nilisoma nimesimama. Wakurugenzi: Petro, na jina langu likiwa limekatwa kwa mstari mwekundu. Wenye hisa: hapakuwa na mtu. Palikuwa na jina la kampuni nyingine. Hisa zote za Kampuni zilikuwa mali ya kampuni ya pili ambayo sikuwahi kuisikia.

Nilidhani nimefika mwisho. Nikarudisha jalada. Karani akaniuliza kwa upole, "Mzee, na hiyo ya pili huitaki? Nayo ina jalada." Namwombea heri mpaka leo kijana yule.

Katika jalada la pili kulikuwa na majina mawili ya wenye mali, nusu kwa nusu. La kwanza lilikuwa la Petro. Hilo halikunishtua, nilikuwa nimekwisha kulinusa njiani. La pili lilikuwa la Anselmi, kaka yangu.

Nilikaa chini kwenye sakafu ya ofisi ile. Wewe huyajui haya kuhusu Baba yako Mkubwa. Babu yako alipokufa palikuwa na nafasi ya mtoto mmoja kusoma shule ya misheni, na ilikuwa yake, yeye ndiye mkubwa. Alisema, "Aende Aloisi, mimi nina mikono." Akabeba mizigo ya watu mpaka mabega yakaota sugu, mimi nikajifunza kuandika. Mwandiko ule ulioniangamiza alinipa yeye. Na siku ya uwanjani alikaa pale akitazama viatu vyake, akijua ghala ni lake, bati ni lake, na karatasi zangu zilikuwa zinamlinda yeye.

Nikayanakili majina yote mawili. Nikatia karatasi kwenye mfuko wa ndani wa koti, nikarudi.

Hapa ndipo penye kosa langu, Dismasi. Yale mengine yote niliyotaja, kofia, kiti, bati, nimeyaungama na nikapewa kitubio. Hili sijaliungama, kwa sababu ili uungame lazima uchukie ulichofanya, na mimi sijaweza kulichukia lote.

Nilirudi na ukweli mfukoni, na sikuusema.

Ningeweza kwenda uwanjani Jumapili ile ile. Lakini watu wangenung'unika, Petro angeomba msamaha kwa sauti yake laini, na baada ya mwezi angekuwa benchi la mbele tena. Sikutaka kumwonyesha kosa lake. Nilitaka aanguke kutoka mahali pa juu kabisa, na wakati ule hakuwa juu vya kutosha. Nikasikia chama kitajengewa ghala jipya huku juu, na Kampuni ile ile kwa mkataba, na siku ya kulifungua watakuja Mangi, mtawala wetu, pamoja na Bwana Shauri wa serikali na Padri. Nikasema moyoni: siku hiyo.

Ilikuwa mwaka mzima na zaidi. Mwaka ule, mwanangu, nilikuwa na furaha. Nilimsalimu Petro barabarani. Nilikunywa mbege kwa Anselmi, nikawabeba watoto wake. Kila nikigusa koti nilisikia karatasi inalia, nikashiba bila kula.

Mama yako aliikuta. Alikuwa anafua. Unajua anavyosoma, kwa kidole, polepole; alisoma majina yale mawili mara nyingi kuliko herufi zake.

"Unayo tangu lini?"

Nikamwambia.

"Na unangoja nini?"

"Siku yake."

"Unayaivisha kama mbege?" akasema. "Aloisi, haya si ndizi. Watu wanapeleka kahawa kule kule, wiki hii, kwa sababu hawajui. Wewe unajua."

"Walinimwagia uchafu mapajani. Hakuna aliyenitetea."

"Kwa hiyo sasa unawafundisha?"

Nilimnyang'anya koti. Nakuandikia haya ili ujue kwamba sikukosa mtu wa kuniambia. Niliambiwa, na kwa Kichagga na kwa Kiswahili.

Ni kweli wakulima walikuwa wamerudi ghala la chini. Petro alikuwa amewaahidi kwamba mabwana wa Tanga wameona aibu na wametengeneza bati. Waliligeuza tu, lile bati bovu wakalipeleka upande wa pili. Masika yakaja. Kahawa ya upande wa pili ikaoza. Si ya wote mara hii, ya wachache. Mama Restituta alikuwa mmoja wa wachache. Hakuja uwanjani. Alichukua panga akaikata mibuni yake yote mpaka chini, na akahamia kwa binti yake Old Moshi. Nilipita nikaona visiki vile, vyeupe bado. Nikajiambia hilo nalo liko juu ya kichwa cha Petro. Nikaliongeza kwenye mzigo wake, wala sikuona kwamba la mkono wangu lilikuwamo.

Siku ya ghala jipya ilifika. Walikata majani ya migomba wakapamba mlango, wanawake wakapiga vigelegele. Mangi alikaa, Bwana Shauri akakaa, Padri akabariki. Petro akasimama kuhutubia. Alisema maneno mengi juu ya uaminifu. Alipomaliza akauliza, kwa desturi tu, kama kuna mwenye neno.

Nilisimama. Nilikuwa nimevaa ile kofia. Nikaivua.

"Mwenyekiti, nina swali moja fupi. Ghala hili ni la nani?"

"La Kampuni, Aloisi. Kila mtu anajua."

"Na Kampuni ni ya nani?"

"Ya mabwana wa Tanga. Keti."

"Yote ni ya kampuni nyingine, na hiyo nyingine ina wenyewe wawili. Nimesoma jalada lao Dar es Salaam, na hata Bwana Shauri akituma mtu leo atayakuta majina yao. Mabwana wa Tanga ni hawa." Nikasoma. "Petro, mwenyekiti wetu. Na Anselmi, mtunza hazina wetu, mtoto wa baba yangu."

Nitakwambia ukweli wa mwili wangu. Niliposoma jina la Petro nilisikia utamu ambao sijawahi kuusikia tena, si siku ya ndoa yangu, si siku uliyozaliwa. Uso wake ulilegea kama kamba iliyokatwa. Alifungua mdomo, na sauti ile laini haikuja. Mkewe akafunika uso kwa kanga. Nikawa nataka jua lisimame nimtazame zaidi.

Na niliposoma jina la pili nilikuwa namtazama kaka yangu. Safari hii hakuangalia viatu. Alinitazama mimi, na midomo yake ikasema, bila sauti, jina langu la utotoni.

Watu walilipuka. Bwana Shauri alituma kweli, na majalada yakathibitisha. Kamati ikavunjwa, Kampuni ikafa, ghala jipya likawa la chama. Tukaweka sheria, na ipo mpaka leo: anayekaa kwenye kamati yetu hakai kwenye meza ya yeyote tunayefanya naye mkataba, na kila mwaka kabla ya mavuno majina ya wenye mali yanasomwa uwanjani, mpaka jalada la mwisho. Watu wananisifu kwa sheria hiyo. Wananiita Meku, mzee wa heshima. Huwa naitika.

Anselmi hakugombana. Alisubiri siku tatu, akafunga vyombo, akashuka na familia yake Chekereni, kwenye joto na homa, akalima mahindi ya tambarare. Alikiacha kihamba cha babu. Wewe ulikuwa mdogo, uliniuliza kila asubuhi mbona moshi hautoki kwa Baba Mkubwa. Kila mwaka nashuka kumwona. Mkewe hunipa maji, huniambia yuko shambani. Nakunywa, naondoka. Namjua kaka yangu: yuko nyuma ya nyumba, amekaa, anangoja niondoke. Lile basi lako kesho litapita njia ya chini. Ukiweza teremka, mpe shikamoo yake. Usimwambie nimekutuma.

Lakini sijamaliza. Baada ya siku ile ya ghala nilikwenda Old Moshi kwa Mama Restituta. Nilidhani nampelekea zawadi. Alikuwa amekaa mlangoni kwa binti yake anamenya ndizi. Nikamwamkia, nikamsimulia yote: jalada la kwanza, jalada la pili, Petro alivyolegea. Akasikiliza mpaka mwisho bila kuacha kumenya.

"Ulikwenda lini Dar es Salaam?" akauliza.

"Mwaka jana."

"Kabla ya mavuno au baada?"

Ningeweza kudanganya. "Kabla."

Akaweka kisu chini.

"Kwa hiyo wakati napeleka magunia yangu mara ya pili, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa nangoja siku, Mama."

"Waliojua walikuwa wangapi? Hao wawili?"

"Ndiyo, wawili."

"Hapana," akasema. "Mlikuwa watatu."

Akachukua kisu, akaendelea kumenya. Hakunikaribisha ndani. Alifariki kabla ya Krismasi, na mazishini nilisimama nyuma.

Nimelifikiria neno lile kuliko mahubiri yote niliyosikia. Petro alificha ili apate. Mimi nilificha ili nipige. Kwake yeye aliyekata mibuni tofauti ilikuwa wapi?

Sasa la mwisho, nalo ni la juzi. Ulikuwa kwa mjomba wako kuaga. Petro alikuja hapa. Alikuja na wazee wawili, na mkononi alikuwa ameshika jani la isale, limefungwa fundo. Umekulia hapa, huhitaji kuelezwa: anayekuletea isale kuomba msamaha humkatai, hata kama amemuua mwanao. Hata mimi sijawahi kusikia mtu aliyekataa.

"Aloisi," akasema, "tumezeeka. Tumalize."

Nikamwuliza, "Mbona leo? Miaka yote hii tunakutana kanisani."

"Nimesikia mtoto anakwenda ile ofisi."

Wazee wale wawili waligeuka wakamtazama. Hawakuwa wamejua. Mimi nilijua tangu alipoinama mlangoni. Kuna jalada jingine, mwanangu. Sijui la nini wala na nani. Mtu haogopi dirisha lisilo na jina lake nyuma.

Nikamwambia, "Isale hii umeileta nyumba isiyo yake. Mimi nilipoteza cheo tu. Ipeleke uwanjani Jumapili, kabla ya mavuno, mbele ya waliopoteza kahawa. Yataje mwenyewe yote unayomiliki na unaomiliki nao. Ukimaliza, nitakuja kuipokea mbele yao."

"Unakataa isale?"

"Nimekwambia nitaipokelea wapi."

Aliliweka jani juu ya kigoda akaondoka. Leo baada ya misa hakwenda uwanjani. Alipanda njia ya kwake. Mama yako hataki kulitupa jani lile kwa kuogopa laana, mimi sitaki kuligusa. Limeanza kukunjamana pale pale. Wazee wananiambia nitakufa vibaya.

Sikutumi ukatafute jalada lake. Nilianza kukutuma, nilikuwa nimeandika ukurasa mzima, nimeutia motoni. Ukilitafuta kwa ajili yangu utakuwa mtu wangu ndani ya ofisi ya watu wote, na nchi hii imeshiba watu wa namna hiyo. Lakini likikujia mkononi kwa njia ya kazi, na siku moja litakuja, basi mtu yeyote wa huku akija dirishani amechoka, hajui la kuuliza, amesoma la kwanza akadhani amefika, mwambie kwamba kuna la pili. Mwambie siku hiyo hiyo. Usingoje awe na adabu, usingoje Petro apande juu zaidi. Ukisema kwa hasira, sema. Hasira haiozeshi kahawa ya mtu. Kukawia ndiko kunakoiozesha. Na likiwa ndani yake jina la kwetu, langu au la nani, msomee vilevile.

Nakusikia unapanda njiani, unapiga mluzi. Nitaifunga hii sasa na kuitia kati ya mashati kabla mama yako hajaufungua mzigo mara ya nne.

Nenda salama, fanya kazi ya watu. Petro mimi sijamsamehe. Nimekuandikia ili usije ukasikia huko mbali kwamba baba yako alizeeka akawa mpole.

Baba yako,
Aloisi